Kamera ya Nusunusu

Kaka yangu alicheka mpaka akashika meza ya duka. "Yaani akiba yote hiyo unainunulia kamera ya nusunusu? Mtu mzima!" Mwenye duka naye akajifanya anapangusa kabati la kioo, lakini mabega yalikuwa yanamtetemeka kwa kicheko. Mimi sikucheka wala sikununa. Ile kamera ndogo nilikuwa nimeishika kiganjani, imetulia, na nilijua kwamba sitatoka dukani bila hiyo hata wacheke mpaka magharibi.

Hapo ni Lindi mjini, miaka michache baada ya Azimio, nami nilikuwa Bibi Maendeleo. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka vijijini, Mtama na kwingineko, nikikaa na akina mama kuzungumza habari za uji wa watoto, maji ya kuchemsha na cherehani za ushirika. Nilisafiri kwa malori ya korosho, kwa baiskeli, na zaidi kwa miguu yangu. Kamera niliitaka kwa raha zangu tu, na nikisema hivyo watu wanakunja uso. "Unalipigia gazeti?" Hapana. "Unakipigia Chama?" Hapana. "Sasa unampigia nani?" Najipigia mwenyewe! Mwanamume akisema anapenda bao, hakuna anayemuuliza anaichezea ofisi gani. Mwanamke akipenda picha, eti lazima awe ametumwa.

Lakini katika hizo raha kulikuwa na picha moja niliyoitaka kuliko zote, na afadhali niiseme mapema. Nilimtaka mama yangu na mama mdogo wakiwa wamesimama pamoja. Walinilea wote wawili, nikinyonya huku nikila kule, na mpaka napata akili sikuwa najua kwa hakika nyumba yangu ni ipi. Halafu wakagombana. Mama mdogo alichoma shamba lake kabla ya kulima, kama kila mtu wa kwetu anavyofanya, upepo ukageuka, moto ukaruka mpaka kwenye mikorosho ya mama na kuila karibu yote. Mama mdogo alilia kuliko mwenye mali. Akaenda kuomba radhi, mama akamfungia mlango. Na mama mdogo, kwa kuwa kiburi chao ni kimoja, akasema pale pale nje, "Nimekuja mara moja. Sirudi tena."

Basi ikawa hivyo. Wakikutana kisimani kila mmoja anatazama ndoo yake. Wahenga wanasema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Kwa hawa wangu, kwa jembe hilo ningelima nikafika Masasi. Niliumia, nasema kweli, na nilikuwa na imani ya kijinga kwamba nikipata picha yao pamoja, mambo yatakuwa tofauti. Sikujua yatakuwaje. Nilijua tu ninaitaka.

Turudi dukani. Kamera zilikuwa tatu. Ya kwanza ilikuwa sanduku jeusi la Kijerumani, zee, la kuchungulia kwa juu kama unatazama kisima. Nikairudisha hapo hapo. Ya pili ndiyo iliyompendeza kaka yangu: ya Kirusi, nzito, yenye mkanda wa ngozi na lenzi mbili, moja fupi na moja ndefu kama mchi, za kuvua na kuvisha. "Hii ndiyo kamera ya mtu," alisema. "Lenzi hii ndefu, unamvuta mtu aliye ng'ambo ya ghuba unaona mpaka meno yake."

"Mtu wa ng'ambo ya ghuba nimtake meno ya nini?" nikamwuliza. "Mimi mtu nikimtaka namwendea."

Nikaichukua ile lenzi ndefu, nikaenda nayo mlangoni penye jua, nikaitazama kama unavyokagua yai. Ndani kulikuwa na kuvu, nyuzi nyeupe zimetambaa kutoka ukingoni. Kwetu pwani kuvu hailali, kiatu ukikiweka msimu mmoja chini ya kitanda unakikuta na ndevu. Nikamwonyesha mwenye duka. Akasema hiyo itafutika. Nikamwambia afute tuone. Akakumbuka kwamba ana mteja upande wa vitambaa.

Na hata isingekuwa na kuvu nisingeinunua. Nilijifikiria niko juu ya lori, vumbi la barabara ya Mtama jekundu limenijaa mpaka kwenye kope, halafu niwe nabadilisha lenzi! Nilifikiria pia wale mgambo waliokuwa wakikaa kwenye madaraja, maana vita vya jirani zetu ng'ambo ya Ruvuma vilikuwa vinawaka na kila mgeni alidhaniwa mpelelezi wa Mreno. Mwanamke mwenye lenzi kama bomba la bunduki angelala mahabusu. Na zaidi ya yote niliwafikiria watu wenyewe. Ukimwelekezea mtu wa kijijini dude kubwa, anasimama kama yuko gwaride la Saba Saba, mikono ubavuni, pumzi kaizuia. Picha za namna hiyo zilishajaa kwenye kuta za watu. Mimi nilitaka mama akipepeta, mtu akicheka na jino lililong'oka, mpishi wa pilau akionja chumvi kwa kiganja.

Ya tatu ilikuwa ndogo, ya Kijapani, inaingia mfukoni au kwenye pindo la kanga. Lenzi yake moja tu, haivuliwi wala haizungushwi, imezungukwa na duara la vioo vidogo vinavyopima mwanga vyenyewe. Haili betri, na betri siku hizo ukizipata unazipa redio. Mwanga usipotosha, ukibonyeza, ulimi mwekundu unachomoza ndani ya kitundu cha kuchungulia na kamera inakataa kupiga. Inakataa kabisa! Nikaipenda kwa hilo, maana nilimjua mtu mwingine mwenye tabia hiyo, naye ndiye niliyekuwa namwona kwenye kioo kila asubuhi.

Na hiyo nusunusu iliyomchekesha kaka yangu ndiyo iliyokuwa akili yake kubwa. Kila nafasi ya filamu ambayo kamera nyingine inapiga picha moja, hii inapiga mbili, nyembamba, zimesimama bega kwa bega. Filamu ya picha thelathini na sita inakupa sabini na mbili. Wakati huo filamu ilikuwa adimu kama sukari. Ilipokuja meli ndiyo ilikuja, isipokuja unakaa na kamera yako kama mjane. Kaka yangu akasema nusu picha si picha. Nikamwambia kidogo si haba, nikalipa, nikatoka.

Raha niliyoipata na kamera hiyo sijui niielezeje. Nilikuwa naitoa bila kuitangaza, nabonyeza, naendelea na mazungumzo. Akina mama wa Mtama waliizoea upesi, wakaniita mama wa kidude. Nilijifunza kwamba jua la saa nne linatosha na jua la adhuhuri linawatia watu mashimo machoni. Nilijifunza kwamba ukitaka kumpiga mtu uso lazima umsogelee, na ukimsogelea lazima muwe mnazungumza. Lenzi yangu moja ilinifundisha adabu hiyo, maana haikuwa na namna ya kuiba uso wa mtu kwa mbali. Mgambo mmoja darajani aliishika, akaigeuza, akaiweka sikioni. "Redio yako mbovu," akanirudishia.

Filamu ya kwanza niliipeleka studio, pale pale Lindi, kwa bwana mmoja ambaye ndiye aliyekuwa akisafisha picha za mji mzima, za harusi, za vitambulisho na za mahujaji. Nilipokwenda kuzichukua nusura nizirai. Mashine yake ilikuwa imezoea picha nzima, hivyo kila alipochapa, picha mbili za jirani zilitoka pamoja kwenye karatasi moja, zimetenganishwa na mstari mweusi mwembamba. Kulia na kushoto, zimeungana kama doti ya kanga iliyotoka dukani haijakatwa. Nilikuwa nimempiga mama mmoja ameinua mchi, anatwanga. Baadaye nikampiga mwalimu mkuu anafungua kikao. Kwenye karatasi ile, mama yule alikuwa anakaribia kumpasua mwalimu mkuu kichwa. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa sako kwa bako na beberu, na kwa bahati mbaya wote wawili walikuwa na ndevu.

"Ala! Umenifanyia nini?" nikamwuliza.

"Dada, ni kamera yako," akasema. "Mimi nachapa ninachokiona."

Nilimfokea vizuri, siku hizo nilikuwa na pumzi. Mwisho akakata kipande cha boksi, akatoboa dirisha jembamba, akakiweka kwenye mashine yake ili kila nusu itoke peke yake. Tukapatana. Ile ya mwalimu mkuu, hata hivyo, nilikaa nayo, na siku nikiwa na huzuni nilikuwa naitoa kuitazama.

Halafu vikaja vijiji. Amri ilishuka kwamba watu waliotawanyika mabondeni wahamie pamoja, wapate shule, zahanati na maji. Mimi ni Bibi Maendeleo, nilisimama kwenye mikutano nikaeleza faida zake, na shule kweli zilijengwa, sikanushi. Lakini bondeni kwetu ndiko walikozaliwa mama na mdogo wake, na ramani haikuuliza nani dada wa nani. Mama akapangiwa kijiji kipya kando ya barabara, karibu na Mtama. Mama mdogo, kwa kuwa mashamba ya mumewe yalikuwa upande mwingine, akapangiwa Nyangamara. Mpaka hapo, pamoja na kununiana kwao, nyumba zao zilikuwa zinasikiana. Mmoja akikohoa mwingine anajua. Sasa wangekaa mahali ambapo hata ugomvi wao usingekuwa na mtu wa kuutazama. Niliona wazi kwamba wakihama hivi, basi, imekwisha. Watakutana kwenye msiba, na mmoja wao ndiye atakuwa amevikwa sanda.

Siku ya mwisho walikutana kwenye nyumba ya bibi yangu, mama yao, aliyekuwa ameshafariki. Nyumba ilikuwa inabomolewa kesho yake ili miti ichukuliwe, na wao walikuja kugawana vitu: mlango wa mninga, kinu, vitanda viwili, mitungi. Waligawana bila kuzungumza. Kwetu watu walionuniana hawakosi njia ya kusema, wanamsemesha kuku. "Kuku wewe, mtungi huo ulikuwa wa mama, uchukuliwe na mkubwa." Na mwingine anamjibu mbuzi: "Mbuzi wewe, mimi mitungi ninayo." Mambo yanakwenda, na hakuna aliyevunja kiapo.

Nilitoa kamera. Shikamoo nilishawapa zote mbili na zote mbili zikaitikiwa, kila moja kwa upande wake. Nikasema, "Mama zangu, nyumba inaondoka kesho. Simameni hapa mlangoni niwapige picha."

"Na nani?" mama akauliza.

"Wote wawili."

"Thubutu!" akasema mama. Mama mdogo alimtazama mbuzi kwa namna ambayo hata mbuzi alielewa.

Nikawabembeleza, nikawatisha, nikamtaja marehemu. Ng'o. Hasira zikanipanda. Na nilipokuwa hivyo, nimesimama na kamera yangu ya nusunusu, nikamkumbuka mwalimu mkuu na ule mchi. Nikatulia tuli.

"Haya," nikasema, "mmeshinda. Kila mtu na yake, peke yake, mbele ya nyumba ya mama yenu. Mama kushoto kwa mlango, mama mdogo kulia. Hilo nalo gumu?"

Hilo halikuwa gumu. Nikasimama pale ambapo mlango ulinijia katikati, nikachora mstari vumbini kwa kidole cha mguu ili nisihame hata kidogo. Nusu ya kwanza ingechukua ukuta wa kushoto na nusu ya mlango, nusu ya pili ingechukua zilizobaki. Nilikuwa nimeshaipigia hesabu yote kichwani, na niwaambie, nilijiona hodari.

Mama akasimama. Mama mdogo alikuwa kwenye kona ya kulia ya nyumba, anakung'uta mkeka wa marehemu, vumbi la miaka likampalia, akakohoa kikohozi kibaya cha kukata pumzi. Mama akageuza uso upande ule. "Mama, tazama hapa!" nikamwambia. Hakunitazama. Nikakasirika, nikabonyeza hivyo hivyo.

Akaondoka, akaenda upande wa kushoto kwenye kinu, akaanza kukifunga kamba. Mama mdogo akaja mahali pake, kulia kwa mlango, amejikaza. Nikachungulia, nikabonyeza. Ulimi mwekundu ukachomoza. Wingu lilikuwa limepita mbele ya jua. Nikabonyeza tena. Ulimi.

"Umeona?" akasema mama mdogo. "Hata kamera hainitaki. Walioninunia wameshanisemea kwake." Akaanza kufunga kanga yake vizuri, ya kuondokea.

"Subiri, mama mdogo, nakuomba, ni wingu tu!" Nilisema hivyo maana akiondoka harudi, tulishaambiwa.

Hapo mama akasema kule kwenye kinu, kwa sauti, bila kuinua kichwa: "Kuku wewe, huwezi kupigwa picha pindo linaburuta hivyo. Watu watasema hukufunzwa."

Hapakuwa na kuku. Walikuwa wameshafungwa kwenye matenga. Mama mdogo akatazama chini, akaona kweli kanga yake inaburuta, akaipandisha. Kisha akainua uso akamtazama dada yake, ambaye alikuwa ameinama juu ya kamba zake na hakuona kitu. Jua likatoka. Nikabonyeza, na safari hii kamera ikakubali.

Kesho yake nyumba ilibomolewa, wao wakapanda malori mawili tofauti.

Bwana wa studio alipoambiwa aondoe kile kipande cha boksi, alinitazama kama mtu anayetegewa mtego. "Dada, kosa hili hili si ndilo ulilonifokea mpaka wateja wakakimbia?"

"Ndilo. Lirudie. Na ukikosea nitakufokea zaidi."

Akalirudia. Nilikaa kwenye benchi lake mpaka karatasi ikakauka, na alipoiweka mkononi mwangu machozi yalinitoka mbele za watu waliokuja kupigwa za vitambulisho. Mlango wa mninga ulikuwa mmoja, umepasuliwa katikati na ule mstari mweusi, na ungeapa ni mlango wa mbao mbili. Kushoto mama, kulia mdogo wake. Mama anatazama kulia, amekunja uso kwa ule wasiwasi anaokuwa nao mtu akiugua. Mama mdogo anatazama kushoto, ameshika pindo la kanga, kama mtoto aliyekemewa na mkubwa wake na hakuchukia. Walikuwa wanatazamana, watu ambao hawajatazamana tangu ule moto.

Nikaenda kwa mama kwa lori la kwanza nililolipata. Nyumba yake mpya ilikuwa imesimamishwa miti, upande mmoja tu ndio uliokandikwa. Nilimkuta anapepeta. Nikampa picha, nikakaa, nikasubiri.

Aliielekeza kwenye mwanga, akaisogeza mbali kisha karibu. "Hii nyumba ya mama," akasema. Kisha uso ukabadilika. "Na huyu kaingiaje? Nilisema sitaki kupigwa naye."

"Hukupigwa naye. Ulipigwa peke yako, naye peke yake. Ndivyo zinavyotoka kwenye kamera hii, mbili mbili."

Akaona ule mstari mweusi, akaupitisha kidole, na akaelewa kwa namna ambayo mwanamke yeyote wa pwani angeelewa. "Ah! Zimekuja doti." Akalaza picha juu ya ungo. "Sasa unaleta doti haijakatwa, unadhani itavaliwaje? Lete wembe. Yangu nibaki nayo, yake mpelekee."

Naapa, hilo sikulifikiria. Mimi hodari wa hesabu zote, na sikukumbuka kwamba kwetu kila kinachokuja doti kinakatwa! Wembe ulikuwa umechomekwa kwenye mti wa ukuta, ndani ya karatasi yake. Niliutoa. Ningeweza kukataa, ningeweza kusema umepotea, lakini mama yangu ukimkatalia kitu unamwongezea nguvu. Nikampa.

Akaweka ncha ya wembe juu ya ule mstari, pale juu kabisa, penye paa. Akainama ili akate sawa, maana mama hakuwahi kushona pindo la kanga likaenda upogo maisha yake yote. Na katika kuinama uso wake ukakaribia nyuso zile.

"Huyu anamtazama nani?" akauliza.

"Wewe."

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Kwenye kinu. Umeinama unafunga kamba. Ulikuwa umetoka kumwambia kuku habari za pindo."

Wembe ulikuwa bado juu ya karatasi. "Na mimi hapa namtazama nani?"

"Alikuwa anakohoa," akajijibu mwenyewe. "Kile kikohozi anacho tangu mdogo. Vumbi halimfai, na akaenda kukung'uta ule mkeka kwa ubishi." Akautazama tena ule uso wa kulia, kwa muda mrefu, kisha akasema kwa Kimwera maneno ambayo alikuwa akituambia sisi watoto tukianguka na kuumia. Yalikuwa ya kumbembeleza mtu. Akaukunja wembe kwenye karatasi yake, akauchomeka mahali pake ukutani.

Nilidhani atalia. Hakulia. Alisimama, akaingia ndani, akatoka na kifurushi cha mbegu za korosho. Nilizijua. Zilitoka kwenye ile mikorosho michache iliyopona moto, na alikuja nazo toka bondeni ili azipande huku. Akazigawa kwa viganja kwenye ungo, mafungu mawili, na lile kubwa akalifunga kwenye pindo la kanga yake.

"Nyangamara udongo wake ukoje?" akaniuliza.

"Mzuri. Korosho inaota."

"Twende."

"Sasa hivi? Mama, lori la Nyangamara halina uhakika, pengine mpaka kesho."

"Nimekuuliza lori?" Alishaanza kutembea.

Nilimfuata mbio, viatu mkononi. Tulikuwa tumeshafika njia panda ndipo nilipokumbuka kwamba picha tumeiacha juu ya ungo, nje, pamoja na fungu lile dogo la mbegu, na kuku wanazurura. Nikamwambia anisubiri niirudie.

"Ya nini?" akasema mama, na hakupunguza mwendo. "Si tunamfuata mwenyewe."